WATOTO WASIOHESABIWA
Historia ya watoto wenye kilema na masomo yao katika mji wetu wa Likasi

Katika kitabu hiki cha yubile mtasoma habari za mapadri waliotutangulia, za ujenzi wa kanisa, za kwaya na za mashirika yetu. Habari hizo zinatupa furaha, na ni haki zisomwe. Lakini sisi wa kamati ya yubile tuliona kwamba historia ya parokia haitakuwa kamili kama haisemi neno juu ya wale ambao hawakuonekana katika picha. Ndio watoto wenye kilema: kipofu, kiziwi, mwenye miguu iliyokufa kwa ugonjwa wa polio, na yule ambaye akili yake inakwenda pole kuliko ya wenzake. Tunataka kueleza kwa ufupi namna walivyobaki mbali na masomo, nani aliyeanza kuwafungulia mlango, na ni kazi gani inayobaki mikononi mwetu sisi wenyewe.

I. Mji uliojengwa juu ya hesabu

Likasi ni mji wa madini. Reli iliyotoka Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ilipita kwetu ikaenda hadi Kambove, ilikofika mwaka wa 1913. Wakati wa ukoloni mji wetu uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa Union Minière du Haut-Katanga, kampani iliyoundwa mwaka wa 1906. Jina la Likasi lilirudi mwaka wa 1966. Na tarehe ya kwanza ya mwezi wa Januari 1967 kampani yenyewe ikawa mali ya Serikali, ikaitwa baadaye Gécamines. Shituru, Panda na Kikula ni majina ambayo kila mtoto wetu anayajua, kwa kuwa baba zetu walijenga maisha yao kando ya viwanda.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampani ilibadilisha siasa yake. Haikutaka tena wafanyakazi wa kuja na kurudi kijijini, ilitaka watu wakae kambini pamoja na wake na watoto. Mganga Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wale walioongoza mpango huo. Mfanyakazi alikuwa na namba yake. Mke na watoto waliandikwa juu ya posho. Watoto wachanga walipelekwa kupimwa kilo. Wakubwa kidogo walipelekwa masomoni. Kazi ya kufundisha iliwekwa mikononi mwa wamisionari, kwa kuwa tangu mapatano ya mwaka wa 1906 kati ya Vatikano na Serikali ya Kongo ya wakati ule, misioni zilipewa mzigo wa kufungua masomo. Kwetu Katanga Juu walikuja Wabenedikto wa abasia ya Sint-Andries ya Bruges, waliofika mwaka wa 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, na nyuma yao Wasalesiani wa Don Bosco, mwaka wa 1911.

Hatusemi haya kwa kudharau kazi ya wazee wetu. Katika kambi kulikuwa hospitali, maji na masomo, na wengi wetu tulijua kusoma kwa sababu ya mpango ule. Lakini kila hesabu ina shabaha yake. Hesabu ya kampani ilitazama mtoto wa leo ili ione ndani yake mfanyakazi wa kesho: fundi, karani, mama wa nyumba katika kambi. Kwa fikira ya namna hiyo, mtoto asiyeweza kusimama mbele ya mashini hakuwa na sababu ya kukaa darasani. Alikula posho sawa na ndugu zake, lakini asubuhi, kengele ilipolia, ndugu zake waliondoka na yeye alibaki kwenye baraza.

Wala tusiwawekee wageni peke yao kosa hili. Sisi pia tulificha watoto wetu. Mtoto akizaliwa na kilema, watu wa nyumba walianza kuulizana: nani amekosa, ni mkono wa nani, mama alikula nini, baba alikosana na nani. Kumbe wanafunzi wa Yesu waliuliza swali lile lile mbele ya kipofu wa tangu kuzaliwa, naye Bwana alilikataa: si yeye aliyekosa, wala si wazazi wake. Jibu hilo tunalisikia kanisani kila mara inaposomwa sura ya 9 ya Injili ya Yoane, lakini njia kutoka kanisani hadi nyumbani ni ndefu.

II. Kitabu cha ubatizo

Kulikuwa lakini kitabu kimoja katika mji huu ambacho hakikuuliza kama mtoto atafaa kazi ya kiwanda. Ni kitabu cha ubatizo. Ndani yake mtoto wa kapita na mtoto wa mfagiaji wanafuatana. Kilema na mzima wanaandikwa kwa wino mmoja. Jina, tarehe, baba, mama, msimamizi, basi.

Wale waliowahi kufungua vitabu vile wanajua kwamba kila jina limeachiwa nafasi pembeni. Sheria ya Kanisa inaagiza kwamba pale pembeni yaandikwe mambo yanayofuata katika maisha ya mbatizwa: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, ahadi za utawa. Pembeni pa jina ni kama njia ya mtu katika Kanisa. Na kuna majina ambayo pembeni pake hapana neno. Pengine mtoto alikufa, pengine wazazi walihama na kufuata kazi Kolwezi ao Lubumbashi. Lakini pengine mtoto aliishi, alikua, alizeeka katika nyumba ya wazazi wake, na hakuna aliyemwita tena. Hakupata masomo, kwa hiyo hakusoma katekisimu. Hakusoma katekisimu, kwa hiyo hakukaribia meza ya Bwana. Kufungiwa mlango mmoja kulimfungia milango yote.

Haya yalifanyika ingawa Kanisa lilisema wazi kinyume chake. Mwaka wa 1979 Papa Yoane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya katekesi, alikumbusha kwamba watoto wenye kilema cha mwili ao cha akili wana haki ya kujua fumbo la imani sawa na watoto wengine wa umri wao. Umoja wa Mataifa ulipotangaza mwaka wa 1981 kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu, Vatikano ilitoa waraka wake tarehe 4 Machi ya mwaka ule. Na Sheria mpya ya Kanisa ya mwaka wa 1983, katika kanuni ya 777, inamwagiza paroko aangalie kwamba wenye kilema cha mwili na cha akili wanapewa mafundisho kwa kadiri ya hali yao. Si jambo la huruma tu, ni wajibu wa paroko na wa parokia nzima.

III. Wale waliofungua njia

Inafaa tujue pia kwamba kufundisha watoto hao si jambo jipya lililoletwa juzi na mashirika ya feza. Kazi hii ni ya zamani, na watu wa Kanisa wana sehemu yao ndani yake.

Katika karne ya 16, kule Hispania, mmonaki Mbenedikto aitwaye Pedro Ponce de León aliwafundisha watoto viziwi katika monasteri ya Oña. Wakati ule wenye elimu walidhani kwamba asiyesikia hawezi kufundishwa. Yeye aliwafundisha kuandika, kusoma na hata kutamka maneno. Alikufa mwaka wa 1584. Sisi wa Katanga, tuliopokea Injili kwa mikono ya Wabenedikto, tunaweza kumhesabu kama mzee wa jamaa yetu.

Wanafunzi wa Ponce walikuwa watoto wa wakubwa. Aliyefungua mlango kwa maskini ni padri wa Ufaransa, Charles-Michel de l'Épée. Kuelekea mwaka wa 1760 alikusanya viziwi huko Paris na kuwafundisha bure, akitumia ishara za mikono ambazo wao wenyewe walizitumia. Hakuanza kwa kuwalazimisha waache lugha yao. Alianza kwa kuijifunza. Mwaka wa 1784, katika mji ule ule, Valentin Haüy alifungua shule ya vipofu. Ndani ya shule hiyo alilelewa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka wa 1809 na kupofuka akiwa mtoto kwa kujichoma na chombo cha kazi ya baba yake. Akiwa bado kijana alitunga maandiko ya nukta 6 zinazosomwa kwa vidole, akayatoa katika kitabu mwaka wa 1829. Tuangalie vizuri: maandiko yanayotumiwa leo na vipofu wa dunia nzima yalitungwa na mwanafunzi kipofu, si na mtu aliyemhurumia.

Katika inchi ya Ubelgiji, padri Petrus Jozef Triest alianzisha katika mji wa Gent, mwaka wa 1807, shirika la Mabruda wa Upendo, ambao kazi yao kwa wagonjwa wa akili na kwa watoto wenye kilema inajulikana hata katika inchi yetu. Na karibu nasi, kule Rwanda, padri Joseph Fraipont, aliyepokea jina la Ndagijimana, alifungua mwaka wa 1960 nyumba ya Gatagara, chini ya ulinzi wa Bikira wa Maskini. Watoto waliokuja wakitambaa walipewa vyuma vya miguu na magongo, na pamoja na dawa walipewa darasa. Ndilo fundisho la Gatagara: kumnyoosha mtoto mguu bila kumfundisha kusoma ni kumfikisha katikati ya njia na kumwacha.

Tusiwasahau ndugu zetu Waprotestanti. Andrew Foster, Mwamerika mweusi aliyepoteza masikio yake kwa ugonjwa akiwa na miaka 11, alifungua shule ya viziwi katika Ghana mwaka wa 1957. Tangu hapo hadi kifo chake, katika anguko la ndege huko Rwanda mwezi wa Desemba 1987, alianzisha shule zaidi ya 30 katika inchi nyingi za Afrika, na Kongo yetu ikiwemo. Viziwi wengi wa inchi yetu wanaozungumza leo kwa mikono wanamkumbuka kama baba.

IV. Miaka ya misukosuko

Kwa nini basi mwanga huo ulichelewa kutufikia? Sababu moja ni kwamba masomo yenyewe yalitikiswa mara nyingi. Mwaka wa 1972 Serikali ya Zaire ilikataza majina ya kikristo, na kwa watu wengi jina la cheti cha ubatizo halikulingana tena na jina la kitambulisho. Mwisho wa mwaka wa 1974 Serikali ilichukua masomo ya Kanisa. Ilipoona kwamba mzigo umeishinda, iliyarudisha kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, yaliyotiwa sahihi na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Tangu siku hiyo masomo yetu yanaitwa ya mapatano: mali ya taifa, lakini uongozi wa Kanisa. Sheria ya elimu ya tarehe 22 Septemba 1986 ilitaja elimu ya pekee kwa watoto wasioweza kufuata njia ya kawaida. Mlango ulifunguliwa kwenye karatasi.

Lakini miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa. Gécamines ilianguka. Katika miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Wengi walilala kwenye stesheni ya gari la moshi hapa Likasi na katika majengo ya masomo, wakingojea treni. Wakati huo huo mshahara wa mwalimu ulipotea, na wazazi ndio walioanza kumlipa. Tangu mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Katika nyumba ambayo baba hana tena mshahara na watoto ni 7, mzazi anachagua nani asome. Kila mmoja wetu anajua jina ambalo lilifutwa kwanza.

Tuongeze jambo ambalo ni la inchi yetu ya madini. Uchunguzi mmoja wa waganga, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji, ulitangazwa mwaka wa 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health. Ulionyesha kwamba huko Lubumbashi uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kilema ulikuwa zaidi ya mara 5 kwa wale ambao baba zao walifanya kazi ya madini. Uchunguzi huo hauwezi kumwambia mama mmoja sababu ya kilema cha mtoto wake. Lakini unatufundisha kuacha kutafuta mchawi. Na unatuambia kwamba mji unaokula jasho la madini una deni kwa watoto hao.

V. Sheria za leo

Leo mzazi hasimami tena na mikono mitupu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba elimu ya msingi katika masomo ya Serikali ni lazima tena ni bure, na kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa njia ya pekee. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamtaja mtoto mwenye ulemavu, na inamwadhibu yeyote anayemshitaki mtoto kuwa mchawi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilishika mahali pa ile ya 1986, nayo inataja elimu ya pekee. Mwaka wa 2015 Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Mwezi wa Septemba 2019 elimu ya msingi bure ilianza kutekelezwa, na masomo yetu ya mapatano yakiwemo. Mwisho, tarehe 3 Mei 2022, inchi yetu ilipata sheria yake yenyewe ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu.

Kwa hiyo yule anayesema kwamba mtoto wa namna hii hana mahali katika darasa lake, hakatai ombi la maskini. Anavunja sheria ya taifa. Lakini tusijidanganye. Tangu mwaka wa 2019 watoto wamejaa katika madarasa hata mwalimu anakosa mahali pa kupita kati ya mabenchi. Mwalimu huyo si adui yetu. Hakufundishwa maandiko ya Braille, hakufundishwa ishara za mikono, na mshahara wake ni mdogo. Sheria inampa mtoto haki, lakini hapana sheria inayosukuma kiti cha magurudumu katika matope ya mwezi wa Januari.

VI. Watu wanne wa kuchukua kitanda

Injili ya Marko inasimulia habari za mtu aliyepooza, aliyechukuliwa na watu wanne. Mlango ulijaa watu, nao wakapanda juu, wakafungua dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Bwana alitazama imani ya wale wanne. Sisi tunaona kwamba hata leo mtoto mwenye kilema hafiki masomoni bila watu wanne, na kila mmoja ana pembe yake ya kitanda.

Wa kwanza ni mzazi. Asimfiche mtoto. Amwandikishe kwenye komini mara anapozaliwa, amlete abatizwe, atunze karatasi zote pamoja: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, karatasi ya chanjo. Na asiache chanjo. Polio ya asili ilionekana mara ya mwisho katika Kongo mwaka wa 2011, lakini polio ya namna nyingine, inayotokea mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, ilirudi na kufika hata katika Katanga yetu.

Wa pili ni mganga. Watoto wengi wanaoitwa wajinga hawaoni vizuri ubao, ao wanasikia kwa sikio moja. Apimwe macho na masikio mbele ya kuhukumiwa. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa unaweza kunyooshwa kwa plasta kama mtoto analetwa mapema, akiwa bado mchanga. Mzazi amwombe mganga karatasi inayosema mambo mawili: mtoto anaweza nini, na anahitaji nini. Karatasi inayotaja ugonjwa tu haimsaidii mwalimu.

Wa tatu ni mwalimu pamoja na direkta wake. Mambo mengi hayaombi feza. Darasa la mtoto asiyetembea liwe la chini, si la ngazi. Asiyeona vizuri akae mbele. Mwalimu amtazame kiziwi usoni anaposema, wala asisemee ubao. Anayeandika pole apewe muda, na asiyeweza kuandika aulizwe kwa mdomo. Mambo hayo wazazi na direkta wayaandike pamoja kwenye karatasi moja, kila upande ubaki na yake, na mwisho wa kila kipindi wakae tena watazame ni nini kilichofanyika. Neno la mdomo linakwenda pamoja na mwalimu anapohamishwa. Neno lililoandikwa linabaki.

Tuseme hapa neno la ukweli. Si kila mtoto atasaidiwa kwa kukaa tu katikati ya wengine. Kiziwi aliyewekwa katika darasa ambamo hapana mtu anayejua ishara hasomi, anaketi tu. Kipofu asiye na maandiko ya nukta anasikiliza bila kuandika. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mwalimu aliyefundishwa, pengine shule ya pekee, na shule hizo hazipatikani katika kila mtaa. Mzazi anayempeleka mtoto wake mbali kwa sababu hiyo hakumtupa. Lakini yule mwenye mguu mbovu na akili nzima, kumpeleka mbali na wenzake ni kumtenga bure.

Wa nne ni shirika. Tunasema juu ya mashirika hai ya msingi, ambayo ni nguvu ya Kanisa letu. Shirika linajua kila nyumba. Lijue pia nani yumo ndani na hatoki. Vijana wapange zamu ya kumsukuma mwenzao; akina mama wamkalie yule mama anayechoka; Caritas ya parokia itafute gongo ao kibao cha Braille. Na kama masomo yanamkataa mtoto, shirika lisimwache mzazi aende peke yake. Aandike barua, aombe jibu lililoandikwa na sababu zake. Kama jibu ni baya ao halikuja, apeleke barua zote mbili kwa Koordinasio ya masomo ya mapatano ya Kikatoliki, kisha kwa ofisi ya elimu ya Serikali. Ataje sheria ya 2014 na ile ya 2022 kwa tarehe zake. Mtu anayekuja na karatasi na jirani wawili hasikilizwi kama yule anayekuja na machozi tu.

VII. Yubile ni ya nani?

Katika Agano la Kale yubile haikuwa sikukuu ya kula na kunywa tu. Ilikuwa mwaka wa kurudisha: shamba lilirudi kwa mwenyewe, mtumwa alirudi kwa jamaa yake. Basi sisi tutarudisha nini? Hatuwezi kuwarudishia miaka wale waliozeeka kwenye baraza. Lakini tunaweza kuwaita. Hapana umri unaomzuia mtu kujifunza sala, wala kupokea kipaimara. Na wale walio wadogo leo, tunaweza kuwapeleka masomoni mwezi wa Septemba unaokuja.

Kwa hiyo kamati ya yubile inaomba jambo moja kwa kila shirika la parokia yetu: mpite nyumba kwa nyumba, mwandike majina ya watoto wote wenye kilema walio na umri wa kusoma, mlete orodha hiyo kwa Padri. Msiandike ugonjwa kwanza, andikeni jina. Mji huu ulijua kuhesabu vizuri watu wa kazi. Parokia na ijue kuhesabu watoto wa Mungu.

Bwana wetu, katika Injili ya Luka, alifundisha kwamba anayefanya karamu awaalike maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa kuwa hao hawana cha kumrudishia. Atujalie neema ya kuwaalika, si kwenye karamu ya siku moja tu, bali kwenye benchi la masomo na kwenye meza yake takatifu, ili siku moja yule atakayefungua vitabu vyetu akute kwamba pembeni pa majina yao paliandikwa neno. Bikira Maria, Mama wa maskini, atuombee.